Je, wajua kwa nini Kakuei Tanaka alipata kura nyingi zaidi baada ya kuhukumiwa kwa rushwa?

Oktoba 12, 1983, mahakama ya Tokyo ilimhukumu Kakuei Tanaka, waziri mkuu wa zamani wa Japani, kifungo cha miaka minne kwa kula hongo ya yeni milioni 500. Akakata rufaa, akagombea tena ubunge. Desemba hiyo hiyo wapiga kura wake mkoani Niigata wakampa kura zaidi ya 220,000, ambazo hajawahi kuzipata kabla.

Walijua walichokifanya. Theluji ya Niigata hupita kimo cha mtu, na zamani vijiji vya milimani vilifungika majira yote ya baridi. Mgonjwa hakufika hospitali. Wanaume walikwenda kutafuta vibarua mijini. Tanaka alizaliwa huko mwaka 1918, hakusoma chuo kikuu, akatajirika kwa ukandarasi, akaingia bungeni mwaka 1947. Tangu hapo fedha za serikali zikapata njia ya kwenda kwao: barabara, madaraja, mahandaki, na mwaka 1982 treni ya kasi, Shinkansen. Maombi ya vijiji yalipitia Etsuzankai, jumuiya ya wafuasi wake, ambayo nayo ilimkusanyia kura. Kwa mwanakijiji, handaki lile lilikuwa na uzito kuliko hukumu ya Tokyo, na sioni haki ya kumwita mjinga.

Wengi hudhani kashfa ya Lockheed, kampuni ya ndege ya Marekani, ndiyo iliyomng'oa katika uwaziri mkuu. Sivyo. Alijiuzulu mwishoni mwa 1974, baada ya jarida la Bungei Shunju kuchimbua alivyojilimbikizia mali. Ya Lockheed yalifichuka Februari 1976 katika Seneti ya Marekani: kampuni hiyo ilikuwa imetoa hongo, ikiwemo ile ya yeni milioni 500, ili ndege zake zinunuliwe. Julai, Tanaka akakamatwa.

Alijitoa katika chama tawala, lakini kundi lake ndani ya chama likazidi kunenepa. Ohira, Suzuki na Nakasone wote walipata uwaziri mkuu kwa kuungwa mkono naye. Hili ndilo linalonitisha zaidi katika habari zake: aliachia kiti, madaraka akabaki nayo, tena bila kuwajibika kwa yeyote.

Kilichomwangusha ni kiharusi, Februari 1985. Hata hivyo mwaka 1986, akiwa hawezi kufanya kampeni, Niigata ilimchagua tena. Alifariki Desemba 1993, rufaa yake ikiwa bado Mahakama ya Juu.