Majani ya oleanda usiyachome, yaozeshe

Wateja wangu wengi wako Raskazone, hapa Tanga, kwenye nyumba za zamani zenye viwanja vikubwa, na hukosi kuona kichaka cha oleanda, ule mmea wa maua ya mapambo. Kikishapogolewa huulizwa swali lile lile: majani haya yana sumu, nikiyafanya mboji si nitakula mchicha wenye sumu? Sijajibu, kijana wa bustani ameshawasha kiberiti. Sasa hapo ndipo pabaya, maana moshi wa oleanda nao una madhara, na kwa upepo huu wa bahari unaingia dirishani kwa jirani.

Sumu yenyewe ni oleandrini, inayovuruga mapigo ya moyo. Vijidudu vinavyoozesha jani huivunja na yenyewe. Watafiti wa California waliipima na kuchapisha matokeo mwaka 2003: baada ya siku 50 hivi ndani ya mboji, ilikuwa imebaki kidogo mno. Lakini lazima biwi, yaani lundo la majani yanayoozeshwa, lipate joto. Changanya majani na samadi na majani mabichi mengine, mwagia maji yaloe bila kuchuruzika, ligeuze kila wiki. Chomeka fimbo mpaka katikati, iache kidogo, kisha uichomoe uishike ncha: ikiwa haishikiki kwa moto, kazi inaendelea. Mimi huliacha miezi minne au zaidi, mpaka nisiweze tena kutambua jani hata moja.

Hofu yangu ni mbuzi. Jani la oleanda likikauka sumu haiondoki, na mbuzi anayelikwepa bichi anaweza kulila kavu. Mbuzi wa mtaani hana mwenyewe mpaka afe. Zungushia biwi wavu.

Mbarika ni habari nyingine. Majani tia, mbegu usitie, kwani ndizo zenye sumu kali, na zisipopata joto la kutosha zitakuotea katikati ya matuta ya bamia.

Minyaa ndiyo inayonitia tabu. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda, kwa hiyo vaa miwani na glavu, tena usiikate ukiwa umeangalia juu. Halafu haifi upesi: kipande kibichi ukikifukia kwenye biwi lenye unyevu hutoa mizizi. Kiangazi itandaze juu ya bati mpaka inyauke na kuvunjika kwa mkono, ndipo uitie. Wakati wa masika haikauki, basi ahirisha kupogoa.