Lumeni kwa wati: kipimo cha taa za ghala

Mwenye ghala akiingia dukani Mtwara mjini kutafuta taa za tyubu za fluoresenti, huuliza kwanza wati ngapi. Wati ni umeme unaoliwa, basi. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Gawanya lumeni kwa wati, utapata ufanisi wa taa. Balbu ya zamani ya waya hutoa lumeni 12 hadi 15 hivi kwa kila wati; umeme mwingi uliobaki huishia kuwa joto. Tyubu nzuri ya T8 hufika 90.

Herufi T na namba yake huonyesha unene. T12 ina kipenyo cha milimita 38, T8 ni 26, T5 ni 16. T12 ya futi nne ilikula wati 40, T8 ya urefu huo wati 36. T5 ni fupi kidogo, kwa hiyo haikai kwenye fremu ya zamani.

Kinachosahaulika ni choki, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu. Ile ya sumaku, nzito na yenye kuvuma, hula wati zake nane hadi kumi ambazo hazimo kwenye maandishi ya tyubu. T12 na choki yake hufika wati 50. T8 yenye choki ya elektroniki hubaki kwenye 36 hivi. Ghala la tyubu 40 zinazowaka saa 10 litaokoa uniti 5.6 kila siku, na LUKU itakaa zaidi. Tena choki ya sumaku huifanya taa ipepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila penye mashine ya kubangua korosho gurudumu linalozunguka linaweza kuonekana limesimama, na mtu akapeleka mkono.

Halafu kuna joto. T8 hung'aa vizuri zaidi hewa inayoizunguka ikiwa nyuzi 25, T5 ikiwa 35. Chini ya bati la ghala la Masasi au Nachingwea mwezi Novemba, korosho zikimiminika, T5 ndiyo yenye nafasi nzuri.

Soma pia namba iliyochapwa kwenye ncha ya tyubu, mfano 36W/840. Ile 8 inasema taa huonyesha rangi kwa kiwango cha 80 na zaidi kati ya 100. 40 ni mwanga mweupe wa kelvini 4000. Yenye 765 huonyesha rangi kwa kiwango cha 70 na kitu. Kwa kupanga magunia inatosha. Mezani, anayepima ubora anapokata korosho na kutazama kama kiini ni cheupe au kina madoa, mimi nisingeiweka.

Yote haya ni kwa ghala ambalo tayari lina fremu za tyubu. Ghala jipya lifungwe LED: haina zebaki na huwaka papo hapo. Isitoshe, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kusitisha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu za fluoresenti ifikapo mwisho wa 2027, kwa hiyo vipuri vitazidi kuadimika. Tyubu zilizokufa zisivunjwe nyuma ya ghala, kwa sababu zebaki iliyomo hugeuka mvuke na kuvutwa na wabeba magunia.