Kima punju na minazi ya jirani

Kima punju, yule mwekundu mgongoni asiye na dole gumba, kwao ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani kama Uzi. Kikundi kidogo kilichopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970 kilihamishwa na watu. Ngome yake ni Jozani, msitu ambao pamoja na mikoko ya Ghuba ya Chwaka ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, eneo la kilomita za mraba zipatazo 50. Sensa iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kima zaidi ya 5,800. Ni wengi kuliko tulivyodhani, lakini bado wamo hatarini kutoweka.

Shida ni kwamba kima hasomi kibao cha mpaka. Wengi hushinda mashambani, wakila majani machanga ya miembe na mikungu. Majani hayo yana kemikali zinazosumbua usagaji wa chakula, naye kima ana dawa yake: hutafuna makaa kutoka kwenye matanuri na majiko, nayo hufyonza kemikali hizo. Inaelekea mtoto hujifunza hilo kwa mama yake.

Mkulima anachochukia ni kuliwa nazi. Malalamiko hayo hatuyapuuzi; minazi ndiyo ada ya watoto. Hata hivyo watafiti waliolipima jambo hili karibu na Jozani, na kuchapisha matokeo mwaka 1999, hawakuona mavuno yakipungua. Palipoliwa zaidi, mavuno yalikuwa mazuri zaidi. Kima hula nazi zikiwa changa sana, na mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi kabla havijawa vitale. Huenda basi anaupunguzia mzigo. Zaidi ya hayo, sehemu ya kiingilio cha watalii hurudi vijijini.

Kwa mgeni: usimlishe. Tumbo lake lenye vyumba limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, na ndizi mbivu humdhuru. Ukiwa na mafua, kaa mbali naye.

Kwa dereva ndiyo hasa naandika. Barabara iendayo Paje na Makunduchi inapita katikati ya makazi yake. Matuta yalipowekwa, vifo vilipungua, ila havikwisha. Kima huvuka kwa makundi. Ukiona mmoja amepita, usikanyage mafuta, wenzake bado wamo majanini.