Gari la oto likigoma kubadili gia, usikimbilie kushusha giaboksi

Msimu wa korosho, magari yenye umri wa miaka 20 na zaidi hupandisha Newala na Masasi yamejaa watu na magunia. Mengi yanarudi na hukumu moja: giaboksi imekufa. Mwenye gari anatuma fedha Dar kuagiza ya mtumba, ile ya zamani inatupwa nyuma ya gereji. Inaniuma, maana baadhi ya zinazotupwa ni nzima.

Dhana: Gia zikichelewa kuingia, giaboksi imekwisha.

Anza na oili ya giaboksi. Egesha sehemu tambarare, injini iwe imepata moto na inaunguruma, pitisha leva kwenye kila gia, rudisha P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili hiyo. Kwenye magari mengi, ukipima injini imezimwa, utadanganyika. Oili ikipungua, pampu inanyonya hewa, presha inashuka, klachi za ndani zinateleza: injini inalia, gari haliendi. Ila ukikuta oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, hapo klachi zimeshaanza kuliwa.

Dhana: Kusini kuna joto, themostati ya nini? Itolewe.

Themostati ni valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kuitoa kumenigharimu mwenyewe. Miezi miwili, barabara ya Mtwara kwenda Lindi, spidi 80 na injini inapiga kelele, gia ya nne haiingii. Nilikwisha kuandaa fedha za giaboksi. Fundi mmoja wa Mikindani hakugusa hata leva, aliangalia mshale wa joto, akapapasa mpira wa rejeta, akaniuliza: "Themostati iko wapi?" Ilikuwa imetolewa gereji nyingine, eti gari lisichemke.

Kwenye magari mengi ya oto yenye kompyuta, gia ya overdrive (ile ya juu kabisa, kwangu ya nne) huzuiwa mpaka maji ya injini yapate moto wa kutosha. Bila themostati, ukikimbia barabara kuu upepo unaipoza injini, na kompyuta inaamini ndiyo kwanza umewasha gari asubuhi. Themostati ikarudishwa, gia ya nne ikaingia siku hiyohiyo. Kama gari linachemka, tafuta kinacholichemsha: rejeta iliyoziba, feni, maji yanayovuja. Kutoa themostati si tiba.

Dhana: Taa ya O/D (overdrive) ikipepesa, ni balbu.

Kwenye Toyota nyingi za zamani, taa hiyo ikipepesa yenyewe kompyuta imehifadhi kosa. Mara nyingi ni sensa ya spidi, solenoidi (valvu ya umeme inayoongoza oili ya giaboksi) au waya wake. Sensa hubadilishwa bila kushusha giaboksi, na solenoidi nyingi hufikiwa kwa kufungua sampo (bakuli la oili la chini) tu. Soma kosa kwanza, fungua nati baadaye.

Dhana: Haidroliki (oili ya giaboksi) zote ni moja.

Hapana. Kuna aina ya D-II, kuna T-IV, kuna WS, na giaboksi za CVT (zisizo na gia za hatua) zina yake kabisa. Soma kijiti au kitabu cha gari.

Dhana: Oili ya zamani ukiibadilisha, unaua giaboksi.

Giaboksi inayokufa baada ya kubadilishwa oili kwa kawaida ilikuwa imeshachakaa. Oili mpya imelaumiwa bure. Kumbuka tu kwamba ukifungua nati ya chini hutoka sehemu ya oili, nyingine inabaki kwenye konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi). Endesha siku chache, kisha rudia.

Dhana: Likiharibika njiani, funga kamba livutwe.

Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, hakuna oili inayopanda, na kutoka Mnazi Mmoja ya Lindi hadi Mtwara mjini utaunguza hata kilichokuwa kizima. Agiza breki dauni, magurudumu yanayosukuma gari yanyanyuliwe.