Vitabu vya Vimbunga: Kipi Usome, na Utazame Nini Ndani Yake

Taarifa ya tahadhari ya kimbunga huwa fupi. Husema kitovu kiko wapi, kinaelekea wapi, upepo una kasi gani na mvua itaanza lini. Haiwezi kuonyesha zile saa kati ya kuisikia na kuitii, pale mtu anapotazama juu, akaona jua limewaka, akarudi shambani. Watu wengi hufia katika saa hizo, na vitabu bora kuhusu vimbunga vimezichunguza moja baada ya nyingine. Tunavipendekeza hapa kama mafunzo ya tahadhari. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na vingi vinahusu Marekani.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki asivione ni vya mbali. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu. Pemba ikasalimika, na tangu hapo ikaipita Unguja kwa zao hilo. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Machi na Aprili 2019, Idai na Kenneth vilipiga Msumbiji katika msimu mmoja. Mei 2024, Hidaya kikafika Mafia. Kwetu ni nadra kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo. Kadiri unavyoshuka kusini kuelekea Mtwara, kinga hiyo inapungua.

Kabla ya kufungua kitabu chochote, weka karatasi ya hesabu pembeni. Waandishi wa Marekani hutumia maili, futi na inchi za zebaki, ambazo ni kipimo cha mgandamizo wa hewa. Maili 1 ni kilomita 1.6, futi 1 ni sentimita 30, inchi 1 ya zebaki ni takribani hektopaskali 34. Mgandamizo wa kawaida wa hewa usawa wa bahari ni inchi 29.92, yaani hektopaskali 1,013. Ukisoma kwamba kipimo kimeshuka hadi 28, tambua kwamba hewa imepungua isivyo kawaida na kitovu kiko jirani. Jambo la pili ni kasi ya upepo. Wamarekani huipima kwa wastani wa dakika 1, na vituo vya Bahari ya Hindi kusini magharibi hutumia wastani wa dakika 10. Upepo uleule hutoa namba kubwa zaidi kwa kipimo cha Marekani, kwa hiyo usilinganishe "daraja la 3" la kitabuni na namba ya taarifa ya huku bila kuuliza imepimwaje.

Kama utasoma kimoja tu, kiwe Isaac's Storm cha Erik Larson, kilichotoka mwaka 1999. Kinahusu Galveston, mji wa kisiwani katika jimbo la Texas, uliopigwa tarehe 8 Septemba 1900. Mahali pa juu kabisa pa kisiwa hapakufika mita 3, na bahari ilipanda zaidi ya mita 4.5. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 12,000, na hadi leo Marekani haijapata janga la asili lililoua watu wengi kuliko hilo. Isaac wa kwenye jina la kitabu ni Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya mji huo. Mwaka 1891 alikuwa ameandika gazetini kwamba hofu ya kimbunga kuuharibu vibaya mji ule ni upuuzi.

Tunakipendekeza kwa sababu kinaonyesha makosa ya wataalamu bila kuwafanya wapumbavu. Watabiri wa Cuba, waliokuwa na uzoefu mrefu wa vimbunga, waliona hiki kinaelekea Texas. Makao makuu ya Marekani yaliamini kitapinda kuelekea kaskazini mashariki, na yalikuwa yamezuia taarifa za Wacuba zisipite kwenye telegrafu, yaani simu za maandishi. Soma kurasa hizo polepole: hewa haikuwa na siri, ila mwenye habari sahihi hakuwa na njia ya kuipeleka.

Kuna jambo moja humo ambalo kila mvuvi na kila mwenye nyumba ufukweni anapaswa kulijua. Asubuhi ya siku ile upepo ulikuwa ukivuma kutoka bara kwenda baharini. Kwa kawaida upepo wa namna hiyo huyarudisha maji nyuma. Bahari iliendelea kupanda hata hivyo, na mawimbi mazito, yenye nafasi ndefu kati ya moja na jingine, yakawa yanaingia mitaa ya chini. Cline aliandika kwamba hajapata kuona maji ya juu hivyo dhidi ya upepo. Watoto walikuwa wakicheza majini na watu wazima wakienda ufukweni kutazama. Kimbunga husukuma maji mbele yake na kuyarundika penye kina kifupi. Tunaolijua bamvua tulifikirie bamvua lililoongezewa mita nne, lisilosubiri mwezi mwandamo wala mwezi mpevu. Jioni, kwa ripoti ya Cline mwenyewe, maji yalipanda takribani futi 4 kwa sekunde chache. Nyumba yake ilijengwa imara, na watu wapatao 50 walijificha humo. Kilichoivunja ni mabaki yaliyobebwa na maji, pamoja na kipande cha daraja la reli ya tramu kilichoigonga kama gogo. Walitoka hai 18 tu. Nyumba imara iliyo mahali pabaya hupokea mapigo ya nyumba dhaifu zote zilizoitangulia.

Kwa upande wa riwaya, tunaanza na Their Eyes Were Watching God ya Zora Neale Hurston, iliyochapishwa mwaka 1937. Kimbunga huja karibu na mwisho, na msingi wake ni tukio la kweli: usiku wa 16 Septemba 1928, upepo uliyasukuma maji ya Ziwa Okeechobee huko Florida yakapita juu ya tuta la udongo lililokingia mashamba. Walikufa watu wasiopungua 2,500, wengi wao vibarua Weusi waliokuja kuvuna. Katika riwaya, wenyeji wa asili wanaondoka mapema, wanyama nao wanaondoka, lakini vibarua wanabaki kwa sababu maharagwe yanalipa vizuri na mabosi hawajaondoka. Mwandishi haiiti hali hiyo ujinga, na yuko sahihi. Anayelipwa kwa siku huhesabu hasara ya kuhama kabla ya kuhesabu hatari ya kubaki, na tahadhari isiyolijua hilo haisikilizwi. Baada ya maji kushuka, maiti za Wazungu zinawekwa kwenye majeneza na za Weusi shimoni, na hilo pia lilitokea kweli. Mazungumzo yako katika lahaja ya Wamarekani Weusi wa kusini na tahajia yake huchosha macho; yasome kwa sauti, sikio litaelewa mapema kuliko jicho.

Kuhusu kimbunga Katrina, kilichopiga tarehe 29 Agosti 2005, vimeandikwa vitabu vingi mno. Chukua viwili. Salvage the Bones ya Jesmyn Ward ni riwaya ya mwaka 2011 inayofuata familia maskini ya Mississippi kwa siku kumi na mbili, sura moja kwa siku. Kimbunga chenyewe kinakuja karibu na mwisho. Siku za kwanza ni za kujaza maji vyombo, kuokota mbao za kuzibia madirisha, na baba kujeruhiwa mkono katika maandalizi. Watu wengi huumia hivyo, kabla ya upepo, wakifanya haraka na vifaa vibovu. Maji yanapoingia, familia inakimbilia darini na kulazimika kutoboa paa. Mwalimu ajue kwamba mna mapigano ya mbwa na mimba ya msichana wa miaka 15; si kitabu cha shule ya msingi.

Cha pili ni Five Days at Memorial cha Sheri Fink, cha mwaka 2013, kuhusu hospitali moja ya New Orleans iliyozingirwa na maji baada ya matuta kuvunjika. Tungependa kila mkuu wa hospitali na kila fundi umeme wa hospitali akisome. Jenereta zilikuwepo. Baadhi ya sehemu za mfumo wa kugawa umeme wa dharura ndizo zilizokuwa chini, mahali ambapo maji ya futi chache yangezifikia, na udhaifu huo ulikuwa unajulikana kabla. Umeme ulipokatika kabisa, lifti zilisimama, mashine za kupumulia zikazimika, na wahudumu wakaanza kuamua nani atoke kwanza. Waliowekwa mwisho walikuwa mahututi na wale waliokubali kutohuishwa moyo ukisimama. Baadaye zilikutwa maiti 45, na kukawa na uchunguzi wa jinai kuhusu dawa walizochomwa baadhi ya wagonjwa. Nusu ya kwanza ni masaa ya hospitalini, nusu ya pili ni upelelezi. Wanaoishia katikati hukosa hoja nzito zaidi ya kitabu, kwamba mpangilio wa nani aokolewe unapaswa kujadiliwa siku za jua.

Kwa watu wa baharini kuna Into the Raging Sea cha Rachel Slade, cha mwaka 2018. Meli ya mizigo El Faro ilizama karibu na Bahamas tarehe 1 Oktoba 2015 ndani ya kimbunga Joaquin, na watu wote 33 waliokuwamo wakafa. Kinasa sauti cha daraja la nahodha kilipatikana chini ya bahari kikiwa na saa 26 za mazungumzo. Nahodha alitegemea ramani za programu ambazo data zake zilikuwa zimepitwa na saa kadhaa, huku taarifa mpya zaidi zikitoka kwenye mashine nyingine palepale. Maafisa wa zamu walipendekeza usiku kubadili njia, hakubadili. Maji yaliingia kwenye ngama, meli ikalala upande, pampu za mafuta ya kulainishia zikashindwa kuvuta, injini ikazimika. Kwa hiyo, ukipokea utabiri, angalia kwanza umetolewa saa ngapi.

Kitabu hicho kisomwe pamoja na Typhoon ya Joseph Conrad ya mwaka 1902, fupi, isiyo na hakimiliki tena, inayopatikana bure mtandaoni. Nahodha MacWhirr anasoma maelekezo ya kukwepa dhoruba, anayakataa kwa sababu yangemtoa njiani na kumla makaa, kisha anaipitisha meli katikati. Inavusha watu. Ni fasihi ya hali ya juu na mfano mbaya wa unahodha.

Hapa lazima tuonye. Vitabu hivi vyote ni vya kaskazini mwa ikweta, ambako upepo wa kimbunga huzunguka kinyume na mishale ya saa. Kwetu huzunguka sawa na mishale. Kule, ukiupa upepo mgongo, kitovu kiko kushoto kwako. Huku kiko kulia. Kimbunga kinachokuja pwani kutoka mashariki hutupa maji mengi zaidi kusini mwa mahali kinapotua, kwa kuwa huko ndiko upepo unakovuma kutoka baharini. Kanuni ya kitabuni ikitumiwa Mafia bila kugeuzwa, inampeleka mtu kwenye upande mbaya.

The Hungry Tide ya Amitav Ghosh, ya mwaka 2004, ina maelezo mazuri mno ya jicho la kimbunga. Mandhari ni visiwa vya mikoko vya Sundarbans huko India, na msomaji wa Rufiji atajihisi nyumbani. Watu wawili wamejifunga kwenye mti. Upepo unatulia, kisha unarudi kutoka upande wa pili, na shina lililokuwa kinga haliko tena upande wa kinga. Utulivu wa ghafla katikati ya dhoruba si ruhusa ya kutoka nje.

Anayetaka sayansi achukue Divine Wind cha Kerry Emanuel, 2005. Kinaeleza jinsi bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi inavyokilisha kimbunga, na kimechanganya sura za fizikia na picha na mashairi. Ruka hesabu ukitaka. Watoto wa miaka 8 hadi 12 wanaojua Kiingereza wataiweza I Survived Hurricane Katrina, 2005 ya Lauren Tarshis.

Larson aliweza kuandika kuhusu mwaka 1900 kwa sababu kulikuwa na ripoti, barua, simu za maandishi na vipimo vyenye saa. Kwa hiyo, kimbunga kikishapita kwako, chukua daftari. Andika tarehe, saa upepo ulipoanza, ulikotoka, saa ulipogeuka na ulikogeukia. Andika kama palikuwa na utulivu katikati na uliendelea dakika ngapi. Andika bahari ilikuwa ikijaa au kupwa. Pima alama ya maji ukutani kwa sentimita kutoka kizingiti cha mlango, na uipime kabla ukuta haujaoshwa.