Pumzi Ndani ya Sampuli: Kutunga Vipande Vifupi vya Okestra kwa Kompyuta

Wengi wa watunzi ninaokutana nao hapa Iringa, pamoja na wanaoniandikia kutoka Mbeya, Njombe na Makambako, wameingia katika muziki wa okestra ya kompyuta kwa kupitia kwaya. Wamekua wakisoma nota za do-re-mi, wanajua kugawa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na baadhi yao hupiga kinanda kanisani kila Jumapili. Huo ni msingi mzuri kuliko wanavyodhani wenyewe. Hata hivyo, wanapofungua programu kwa mara ya kwanza, karibu wote huchagua sauti moja ya jumla ya ala za nyuzi, hushika kodi (nota kadhaa kwa pamoja) za vidole vinne, kisha hushangaa kwa nini muziki unatoka mzito na haugusi moyo. Dawa wanayoifikiria kwanza ni kununua maktaba ya sauti, yaani mkusanyo wa ala zilizorekodiwa, iliyo ghali zaidi, au kuongeza mwangwi. Mimi nashikilia kwamba dawa ni nyingine: kila sauti irekodiwe peke yake, ikiwa na mtu wake, na kila nota ndefu iongozwe tangu inapoanza hadi inapokwisha.

Ili sababu ieleweke, ni lazima tujue kwanza sampuli hutoka wapi. Sampuli ni rekodi ya mtu halisi akipiga nota moja. Mpiga chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, huketi mbele ya maikrofoni na kuvuta nota ile ile kwa upole, kwa nguvu ya wastani na kwa nguvu kubwa, halafu huirudia kwa mitindo mingine: kwa upinde mrefu, kwa upinde mfupi, kwa kutetemesha upinde, kwa kudokoa uzi kwa kidole. Wazo lenyewe si la jana. Mellotron, ala ya vitufe iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1963, ilikuwa na ukanda wa sumaku kwa kila kitufe, nao ulidumu sekunde 8 hivi tu kabla ya kufika mwisho. Mwaka 1979 Fairlight ya Australia ikaleta kinanda cha sampuli za kidijitali. Katika hatua zote hizo jambo moja halikubadilika: rekodi ilikamilika kabla muziki wako haujatungwa. Aliyepiga hakujua kama nota yake itakuwa kilele cha kipande au hatua ya kupitia tu. Anayejua nota hiyo inatoka wapi na inakwenda wapi ni wewe mtunzi, na kazi yako ni kuuingiza ujuzi huo ndani ya sauti iliyorekodiwa bila ujuzi huo.

Chombo cha kufanyia kazi hiyo ni vidhibiti vya MIDI, kiwango cha mawasiliano kati ya vinanda na kompyuta kinachotumika tangu mwaka 1983, ambavyo thamani zake huanzia 0 hadi 127. Namba 7 ni ujazo wa jumla, ambao ninaupanga mara moja na kuuacha. Namba 11 hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti ndani ya ujazo huo. Namba 1, yaani lile gurudumu lililo upande wa kushoto wa vinanda vingi, katika maktaba nyingi za okestra hufanya jambo kubwa zaidi: huihamisha sauti kutoka tabaka la rekodi za upole kwenda tabaka la rekodi za nguvu. Tofauti hii ndiyo kiini cha somo lote. Honi, yaani tarumbeta la okestra lililozungushwa duara, inayopulizwa kwa upole ina sauti ndogo na pia ina rangi nyingine, kwa sababu mawimbi ya juu yanayoipa ukali hupungua kadiri pumzi inavyopungua. Ukichukua rekodi ya honi iliyopulizwa kwa nguvu na kuishusha ujazo, msikilizaji atamsikia mtu anayepuliza kwa nguvu akiwa mbali. Hatamsikia mtu anayepuliza kwa upole akiwa karibu. Hata sikio la asiyeijua ala hiyo kwa jina hutambua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Kwa hiyo ninapiga melodia kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukiwa kwenye gurudumu, kwa wakati mmoja. Wapo wanaorekodi nota kwanza na kuongeza gurudumu baadaye, na programu zinaruhusu, lakini mikono miwili ikifanya kazi pamoja hupumua pamoja, na makosa madogo ya mkono wa kushoto mara nyingi ni bora kuliko mstari ulionyooshwa. Asiye na gurudumu anaweza kuchora mstari huo kwa kipanya. Basi na auchore akiimba, kwa sababu koo humwambia mahali ambapo macho yake hayaoni kitu. Nota ya mapigo manne isikae bapa. Naweza kuianza kwenye 45, nikaipandisha hadi 70 kwenye pigo la tatu, kisha nikaishusha kidogo kabla nota inayofuata haijaingia. Thamani hizo ni za kuanzia tu, maana maktaba hutofautiana sana. Kumbuka pia kwamba kubonyeza kitufe kwa nguvu huongeza sauti katika nota fupi na za kudokoa, lakini katika nota ndefu za maktaba nyingi hubadilisha tu namna nota inavyoanza, au hakubadilishi lolote.

Suala la fedha ninalipitia haraka, kwa kuwa si kikwazo tena. VSCO 2 Community Edition na Sonatina Symphonic Orchestra ni maktaba za bure zinazofunguka katika sforzando, programu ya kupigia sampuli ambayo nayo ni bure. BBC Symphony Orchestra Discover ni ndogo kiasi cha kutosha kompyuta ya kawaida. Maktaba ndogo huwa na matabaka machache ya nguvu, wakati mwingine moja tu, na hapo ndipo mtu hukata tamaa bila sababu. Weka kichujio kinachopunguza sauti za juu, kisha kiunganishe na gurudumu lile lile, ili sauti inaposhuka iwe pia na giza kidogo, na inapopanda ing'ae. Hakitakuwa sawa na tabaka halisi la upole, ila kitalidanganya sikio kwa heshima.

Jambo la pili linaloharibu kazi nzuri ni muda. Nyuzi zinazovutwa taratibu huchelewa kusema. Katika kasi ya mapigo 66 kwa dakika, pigo moja huchukua kama milisekunde 909. Nota inayochelewa kwa milisekunde 200 imekula zaidi ya sehemu ya tano ya pigo, na muziki wote unaonekana kuburuzwa. Ninazisogeza nota za nyuzi ndefu mbele ya pigo, kila ala kwa kiasi chake, hadi zisikike pamoja, hata kama kwenye skrini zinaonekana zimepotoka. Kinyume chake ni nota zinazorudiwa haraka: rekodi moja ikirudiwa ile ile, hutoa sauti ya cherehani. Maktaba nzuri hubadilisha rekodi kila unaporudia. Kama yako haifanyi hivyo, tofautisha nguvu na urefu wa kila nota, au andika melodia isiyohitaji marudio hayo.

Kuandika melodia inayoweza kupigwa na mtu ndiko ninakokusisitiza kuliko yote. Kompyuta itakubali kushikilia nota ya filimbi kwa dakika nzima, na itakubali filimbi katika oktava yake ya chini ishindane na honi na kushinda. Katika ukumbi halisi filimbi ya chini ni dhaifu na hufunikwa mara moja, nasi tumezoea hivyo hata bila kujua. Fidla haishuki chini ya so iliyo chini ya do ya katikati. Mpiga oboi, ala ya kupuliza ya mbao, ana shida ya ajabu: hutumia hewa kidogo sana kupitia mwanzi wake mwembamba, hivyo husimama kwa sababu ya kutaka kutoa hewa iliyochoka kifuani, kabla hata haijamwishia. Upinde wa chelo nao huisha mapema zaidi ukivutwa kwa nguvu. Katika kasi ile ya 66, vipimo viwili vya mapigo manne ni zaidi ya sekunde 7. Kwa mpuliza honi huo ni mstari wa starehe, na baada yake ninamwachia nusu pigo la kimya ili avute pumzi. Mtu wa Rungwe ana shule karibu. Misheni ya Wamoraviani ilianza huko mwaka 1891, na matarumbeta yamekuwa sehemu ya ibada yao. Ukisimama karibu na wapulizaji hao na kuangalia mabega yao, utajifunza mengi zaidi kuhusu urefu wa mstari wa muziki kuliko utakavyofundishwa na maelekezo ya programu yoyote. Kipimo changu cha mwisho ni kuimba kila sauti peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti isiyoimbika naiandika upya.

Ufupi una sheria zake. Prelude ya Chopin katika A meja, kipande kifupi cha piano kilichochapishwa mwaka 1839, ina vipimo 16 tu, mdundo mmoja unarudi mara nane, na kodi pana kuliko zote inafika kwenye kipimo cha 12. Kipande kifupi kinabeba wazo moja na kilele kimoja, na kilele hicho kikae baada ya katikati. Nilipotunga kuhusu mlima Kitonga, ambako malori hupanda kwa gia ndogo kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula, nilitumia vipimo 24, ambavyo katika kasi ya 66 ni sekunde 87 hivi. Ngazi ya nota inaanzia re, bila kitufe cheusi cha kinanda hata kimoja. Viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo, inashika re na la kwa upole. Chelo inapanda hatua mbili na kurudi moja, re-mi-fa-mi, mi-fa-so-fa, na kila zamu gurudumu linafika juu kidogo kuliko zamu iliyopita. Kwenye kipimo cha 17 chelo inafika kwenye la ya juu, mahali ambapo uzi wake wa kwanza unasikika ukijitahidi, na hapo tu honi inaingia chini yake. Nota hiyo hiyo ingekuwa rahisi kwa viola, na urahisi huo ungeua mlima. Ala zote nne, filimbi ikiwemo, zinasikika pamoja kwa vipimo vitatu peke yake. Besi niliiondoa kabisa.

Nigusie pia mlio, yaani kimo cha nota, kwa sababu tunaishi jirani na mabingwa. Ng'ambo ya Mtera, Wagogo huimba na kupiga zeze kwa ngazi inayofuata mawimbi ya asili ya uzi, na wimbi la saba liko chini ya nota ya kinanda kwa senti 31, yaani sehemu 31 kati ya 100 za nusu-toni. Sampuli zimepangwa kwa mlio wa kinanda. Ukitaka kusogea upande wa Wagogo, gurudumu la kupinda mlio, likiwa limepangwa kwa toni moja kila upande, lina hatua 8,192 kushuka; senti 31 ni kama hatua 1,270. Hakikisha kwanza maktaba yako inalitii. Fanya hivyo kwa ala inayoongoza peke yake, kwa maana kodi nzima ikipindwa, upekee huo hausikiki tena.

Mwangwi huja mwisho, na uwe mmoja kwa ala zote. Sampuli nyingi zimebeba tayari ukumbi wake. Zile za BBC zilirekodiwa studio za Maida Vale, London, na hazihitaji kanisa jingine juu yake. Unapotoa faili, usikate mara nota ya mwisho inapoachiwa: acha sekunde 4 au 5 hadi mlio uishe wenyewe, na kama kazi ni ya video, itoe kwa kilohezi 48, ili mhariri asilazimike kuibadilisha.