Baada ya upasuaji wa saratani ya kongosho: maswali ya familia moja ya Ujiji

Mama amerudi Kigoma baada ya kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Wanawe wameniuliza maswali haya, nami nawajibu hapa ili na wengine wasome.

Mama alikatwa nini hasa?

Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa insulini, inayosawazisha sukari ya damu, pamoja na majimaji ya kusaga chakula. Uvimbe ukikaa kwenye kichwa chake hubana mrija wa nyongo, ndiyo maana macho ya mama yaligeuka njano. (Si homa ya manjano. Hiyo ni ya virusi vinavyoenezwa na mbu, na kuchanganya macho ya njano na homa hiyo huwapotezea wagonjwa muda.) Katika upasuaji uitwao Whipple, daktari huondoa kichwa cha kongosho, kibofu cha nyongo na mwanzo wa utumbo mwembamba, kisha huunganisha upya. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii, 15 hadi 20 tu hugundulika ikiwa bado inaweza kukatwa.

Ataishi miaka mingapi?

Daktari anaweza kueleza yaliyowapata wagonjwa wengi waliofanana na mama. Siku za mama mwenyewe hazijui. Utafiti wa Ufaransa na Kanada uliotangazwa mwaka 2018 uliwafuatilia watu waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Waliopewa mchanganyiko wa dawa za kemo (dawa za kuua chembe za saratani) uitwao FOLFIRINOX, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 54. Waliopewa dawa moja ya kemo, gemsitabini, peke yake, nusu walivuka miezi 35. Lakini wote walikuwa chini ya miaka 80 na wenye nguvu za kutosha, kwa hiyo msiichukue namba hiyo kama ahadi. Wala mwezi wa 54 si mwisho: nusu hiyo walikuwa bado hai.

Basi daktari anakisia kwa kutumia nini?

Kwa majibu ya kinyama, yaani kile kilichokatwa kikapimwa maabara. Karatasi hiyo itunzeni kama hati ya kiwanja, na muombe msomewe mstari kwa mstari.

Ulizeni kwanza tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani huitwa mitoki. Saratani ilikutwa kwenye ngapi? Isipokutwa hata kwenye moja, matumaini ni makubwa zaidi. Ikiwa kwenye moja hadi tatu yanapungua. Nne na kuendelea yanapungua tena. Ulizeni pia zilipimwa jumla ya ngapi. Majibu ya "hakuna saratani" yaliyotokana na tezi tatu hayana uzito wa yale ya tezi 15.

Halafu kingo. Je, pale kisu kilipopita palikutwa chembe za saratani? Ukubwa wa uvimbe nao una nafasi yake: chini ya sentimita 2 ni afadhali kuliko zaidi ya 4. Na chembe zenyewe, zinafanana bado na za kongosho au zimeharibika kabisa?

Kuna kipimo cha damu cha CA 19-9, kitu ambacho saratani hii mara nyingi hukiongeza kwenye damu. Kikishuka baada ya upasuaji ni dalili njema. Ila nyongo ikiziba hupanda hata bila saratani kurudi, na watu 5 hadi 10 kati ya 100 miili yao haikitengenezi kabisa.

Wiki ya saba sasa na kemo hajaanza, kidonda kilichelewa. Tumemponza?

Hapana, msijilaumu. Inaweza kuanza hadi wiki ya 12. Wagonjwa wa upasuaji huu walipochunguzwa, ilionekana kwamba kumaliza mizunguko yote sita kulikuwa na maana kuliko kuwahi kuanza. Kwa mtu wa Kigoma hili ni zito, maana safari ya treni hadi Dar si ya mara moja. Pangeni mapema nauli ya mizunguko yote na ndugu atakayemlaza mama huko.

Akila mboga ya mawese anapata choo laini kinachong'aa mafuta na kuelea. Tumkataze?

Msimkataze chakula, anahitaji nguvu za kubeba kemo. Kongosho iliyobaki haitoshelezi kusaga mafuta. Muulizeni daktari kuhusu vidonge vya vimeng'enya vya kongosho, yaani vile vya kusaga chakula. Humezwa pamoja na chakula, tangu matonge ya kwanza. Apimwe na sukari, kwa kuwa baadhi hupata kisukari baada ya upasuaji. Mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ileile. Ukiendelea kushuka, mpelekeni hospitali ya Maweni, na daktari wake wa Dar apigiwe simu siku hiyohiyo.